Eisenhower aliishi na utumbo mgonjwa: kisu kilimwokoa, brashi ilimtuliza

Wagonjwa wenye matatizo sugu ya utumbo wanapofika kliniki, wengi hutaka kujua jambo moja kabla ya mengine yote: kama ugonjwa wao umeletwa na mawazo. Wengine wameshaambiwa hivyo nyumbani. Wameambiwa wapunguze kufikiri, waache hasira, wasali zaidi, na tumbo litatulia lenyewe. Mzazi wa mtoto anayelalamika tumbo kila wiki naye huwa na swali la namna hiyo. Anajiuliza kama mwanawe anaumwa kweli au anakwepa shule.

Wiki hii sitaanza na orodha ya dalili. Nitasimulia maisha ya mtu aliyeishi na maradhi ya tumbo kwa miaka mingi huku akibeba mizigo ambayo wachache wetu tutaibeba. Aliongoza majeshi katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, kisha akaiongoza Marekani kwa miaka minane. Ukimfuatilia tangu utotoni hadi kifo chake, utaona mawazo yana sehemu gani katika ugonjwa wa utumbo, na sehemu hiyo inaishia wapi.

Hasira za mtoto na bendeji za mama

Dwight David Eisenhower, ambaye watu walizoea kumwita Ike, alizaliwa Oktoba 14, 1890 katika mji wa Denison, jimbo la Texas. Alikulia Abilene, jimbo la Kansas, katika familia isiyo na fedha nyingi. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha maziwa. Mama yake, Ida, alizaa watoto saba, wote wa kiume, na mmoja alifariki akiwa mchanga.

Ike alikuwa mtoto mwenye hasira kali. Alipokuwa na miaka 10, kaka zake wawili wakubwa waliruhusiwa kutoka usiku wa mkesha wa Watakatifu Wote, wakati watoto wa Marekani huzunguka mitaani wakibisha hodi kwa majirani. Yeye akazuiwa kwa sababu alikuwa bado mdogo. Alitoka uani akaupiga ngumi mti wa tufaha mpaka mikono ikachubuka na kuvuja damu. Baba alimchapa, akamwamuru akalale.

Baada ya muda mama aliingia chumbani, akakaa karibu naye. Alimweleza umuhimu wa mtu kuitawala nafsi yake, kama alivyofundishwa na Biblia, na huku akizungumza alikuwa akimpaka dawa na kumfunga bendeji. Alimwonyesha kwamba hasira ile haikumwumiza mtu mwingine yeyote ila yeye mwenyewe. Eisenhower alipozeeka aliyahesabu mazungumzo yale kuwa miongoni mwa nyakati zenye thamani kubwa maishani mwake.

Mzazi, tazama alichofanya mama huyu. Hakumwambia mtoto kwamba mikono haiumi. Alitibu jeraha na akafundisha utulivu, vyote viwili kwa wakati mmoja. Ukilishika hilo, sehemu kubwa ya makala haya umeshaielewa.

Hasira haikumwisha kabisa. Hata akiwa Rais, wasaidizi wake waliijua siku mbaya kwa kumtazama uso tu. Lakini alijitengenezea dawa ndogo. Mtu akimuudhi kupita kiasi, aliandika jina lake kwenye kipande cha karatasi, akakitupa kwenye droo ya chini ya meza yake, akaifunga. Kwake, suala hilo lilikuwa limekwisha.

Tumbo laanza kuuma

Alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1915, na mwaka uliofuata akamwoa Mamie Doud. Mwaka 1917 walimpata mtoto wao wa kwanza, wa kiume, waliyempa jina la utani Icky. Mwanzoni mwa Januari 1921 mtoto huyo alifariki kwa homa ya scarlet, maambukizi ya bakteria ambayo wakati huo hayakuwa na dawa. Alikuwa na miaka mitatu. Kwa miaka mingi baadaye Eisenhower alimpelekea mkewe maua kila ilipofika siku ya kuzaliwa kwa mtoto huyo.

Mwaka 1923 alifanyiwa upasuaji wa kuondoa kidole tumbo. Hata hivyo maumivu ya tumbo hayakukoma. Yaliendelea kuja na kuondoka kwa miaka, wakati mwingine yakimlaza kitandani, kisha yakitulia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Wengi wenu mtaitambua hali hiyo ya kuja na kuondoka. Ugonjwa ambao hatimaye ulikutwa tumboni mwake ni ule unaoitwa leo ugonjwa wa Crohn. Katika ugonjwa huu, kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu tu, hushambulia ukuta wa utumbo. Ukuta huvimba, hupata vidonda, na baada ya miaka hujaa makovu, hata njia ya chakula ikawa nyembamba. Unaweza kushika sehemu yoyote tangu mdomoni hadi njia ya haja kubwa, lakini mara nyingi hukaa mwishoni mwa utumbo mwembamba, upande wa kulia chini ya kitovu. Hapo ni jirani kabisa na kidole tumbo, ndiyo maana mpaka leo magonjwa haya mawili huweza kuchanganywa.

Jina la ugonjwa lenyewe lilikuwa bado halijapatikana. Ni mwaka 1932 ndipo madaktari watatu wa New York, Burrill Crohn, Leon Ginzburg na Gordon Oppenheimer, walipoandika maelezo yaliyoutambulisha kwa ulimwengu wa tiba. Kwa hiyo mwaka 1923 daktari aliyekuwa akitafuta chanzo cha maumivu yale hakuwa na jina la kuyapa.

Vita, sigara na nyumba ndogo nje ya London

Juni 1942 Eisenhower alipelekwa London kuongoza majeshi ya Marekani barani Ulaya. Simu zililia mchana na usiku. Alilala kidogo, alikunywa kahawa nyingi, na alivuta sigara pakiti tatu hadi nne kwa siku.

Msaada wake ulikuwa nyumba ndogo nje kidogo ya jiji, iliyoitwa Telegraph Cottage. Alikwenda huko kila alipopata nafasi. Alicheza gofu kidogo, alicheza karata na marafiki, alisoma riwaya za kauboi, na alitembea na mbwa wake mdogo, Telek. Wageni wa kikazi hawakukaribishwa. Mtu aliyekuwa na maisha ya maelfu ya vijana mikononi mwake alitambua kwamba akili isiyopumzika hufikia mahali ikashindwa kuamua.

Saa ya kuamua ilifika. Uvamizi wa pwani ya Normandy, Ufaransa, ulipangwa ufanyike Juni 5, 1944. Dhoruba ikalazimisha kuahirisha. Wataalamu wa hali ya hewa wakaona nafasi finyu ya siku moja, na uamuzi ukabaki kwake. Alisema waende. Kisha aliandika ujumbe mfupi wa kutumika endapo wangeshindwa, akijitwisha lawama zote peke yake. Jioni hiyo alikwenda kuwaona askari wa miavuli kabla hawajapanda ndege. Kesho yake, Juni 6, zaidi ya askari 150,000 walivuka bahari, na ule ujumbe haukuhitajika.

Ni vyema tujue kinachotokea mwilini katika saa kama hizo. Ubongo ukihisi hatari, huamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hukimbia, misuli hujiandaa, na damu nyingi huelekezwa huko. Tumbo huachwa nyuma: chakula hukawia tumboni, huku utumbo mpana ukisukuma haraka. Ndiyo maana mwanafunzi hukimbilia chooni asubuhi ya mtihani. Utumbo una mtandao wake mkubwa wa mishipa ya fahamu, na mtandao huo huzungumza na ubongo kila wakati, ukipeleka habari na kupokea.

Kwa mtu mwenye utumbo mzima, dhoruba hiyo hupita. Kwa mwenye utumbo uliovimba tayari, msongo wa muda mrefu huongeza maumivu, huharibu usingizi, na unaweza kuchangia ugonjwa uliotulia kuamka. Lakini hauuanzishi. Chanzo cha Crohn ni mchanganyiko wa mambo ya kurithi, kinga ya mwili, bakteria wa utumbo na mazingira. Msongo ni upepo juu ya moto. Hupuliza moto uliokwisha kuwaka, na hauhesabiwi kuwa ndio kiberiti.

Sigara yazimwa, brashi yashikwa

Baada ya vita, mwaka 1948, Eisenhower akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mchoraji Thomas Stephens alifika nyumbani kwao kumchora Mamie. Walipokwenda kutafuta ukuta wa kutundika picha hiyo, Eisenhower alibaki na rangi zilizosalia. Alitandaza kitambaa cha kufutia vumbi juu ya boksi, akajaribu kuinakili sura ya mkewe. Matokeo yalimchekesha mwenyewe. Mchoraji aliichukua picha ile kama kumbukumbu, na baadaye akamtumia seti nzima ya vifaa vya kuchorea.

Kuanzia hapo, akiwa karibu na miaka 58, hakuacha tena. Alichora mandhari, nyumba za mashambani, na sura za watu aliowapenda. Alifahamu vizuri kwamba hakuwa na kipaji kikubwa, na picha nyingi alizitupa. Hakujali. Alichotaka ni ile saa moja ambayo macho yanatazama rangi moja, mkono unatembea polepole, na kichwa hakina nafasi ya kitu kingine.

Machi 1949 aliugua vibaya tena, safari hii maumivu makali ya tumbo yakimlaza kitandani. Alipelekwa Key West, Florida, kupumzika kwa wiki kadhaa. Daktari wake, Howard Snyder, alimtaka apunguze sigara. Eisenhower hakupunguza; aliacha kabisa, kana kwamba amejipa amri ya kijeshi, na hakuvuta tena mpaka kufa.

Kwa mgonjwa wa Crohn, uamuzi huo peke yake ni tiba. Leo tunajua kwamba uvutaji sigara huufanya ugonjwa huu kuwa mkali zaidi, huongeza uwezekano wa kuhitaji upasuaji, na huongeza uwezekano wa ugonjwa kurudi baada ya upasuaji. Wapo wagonjwa wanaovuta ili kutuliza mawazo. Wanatuliza dakika tano na kuchochea utumbo kwa miezi. Ukitafuta cha kushika mkononi mwako mawazo yanapokujia, tafuta kitu kingine.

Moyo uliodhaniwa kuwa tumbo

Novemba 1952 alichaguliwa kuwa Rais. Alitenga chumba kidogo Ikulu, orofa ya pili, akaweka rangi zake humo. Hata kama ni dakika chache kabla ya chakula cha mchana, aliingia na kupaka rangi kidogo.

Septemba 1955 alikuwa mapumzikoni Denver, jimbo la Colorado. Alikuwa akicheza gofu, mchezo ukakatizwa mara kwa mara na simu za kikazi, akakasirika. Mchana alikula nyama ya kusaga ndani ya mkate pamoja na vitunguu vibichi, na baadaye akahisi tumbo limevurugika. Usiku wa kuamkia Septemba 24 aliamka na maumivu. Mkewe alimpa dawa ya tumbo, kisha akamwita daktari. Mwanzoni umma ulitangaziwa kwamba ni tumbo tu. Kipimo cha moyo kilichofanyika mchana uliofuata kilionyesha shambulio la moyo.

Mgonjwa wa tumbo wa miaka mingi huzoea kulilaumu tumbo kwa kila kitu, na jamaa zake huzoea hivyo hivyo. Maumivu ya kifua au ya chembe ya moyo yanayokuja na jasho, kukosa pumzi, au kusambaa mkononi na tayani, hayafai kusubiri asubuhi. Nenda hospitali usiku huo huo.

Kuna jambo lingine la siku zile. Daktari bingwa wa moyo, Paul Dudley White, alipowaeleza waandishi wa habari hali ya Rais, alitaja mpaka kwamba mgonjwa amepata choo kizuri. Taifa zima likasikia habari za choo cha Rais. Eisenhower aliona uwazi huo umevuka mpaka, na unaweza kumwelewa. Hata hivyo, kwa daktari ile ilikuwa habari muhimu ya afya kama mapigo ya moyo. Wagonjwa wangapi wanachelewa kutibiwa kwa sababu wanaona haya kusema wanakwenda chooni mara ngapi, na kama kuna damu?

Usiku wa Juni 1956

Mei 1956, uchunguzi wa afya wa kila mwaka ulijumuisha picha za eksirei zilizopigwa baada ya kunywa dawa ya bariamu, inayoonyesha umbo la utumbo. Mwisho wa utumbo mwembamba ulionekana kuwa na ugonjwa na umekuwa mwembamba. Maumivu ya miongo mitatu yakapata jina.

Usiku wa kuamkia Juni 8, baada ya kuhudhuria chakula cha jioni na wapiga picha wa habari, tumbo lilianza kuuma. Kulipokucha hali ilizidi: maumivu, tumbo kujaa, kutapika. Utumbo ulikuwa umeziba. Alipelekwa kwa gari la wagonjwa hadi hospitali ya jeshi ya Walter Reed, jijini Washington.

Madaktari walikuwa na wakati mgumu. Mgonjwa alikuwa na miaka 65, na hata miezi tisa haikuwa imetimia tangu apate shambulio la moyo. Kumpasua kulikuwa hatari, na kuendelea kungoja kulikuwa hatari zaidi, kwa kuwa utumbo ulioziba unaweza kukosa damu na kutoboka. Usiku wa manane wa kuamkia Juni 9, timu ya Leonard Heaton ilianza kazi. Kwa karibu saa mbili waliunganisha utumbo mwembamba uliokuwa mzima moja kwa moja na utumbo mpana, wakaipita sehemu iliyougua bila kuiondoa, kama barabara ya mchepuko inavyoupita mji wenye msongamano. Siku hizi madaktari wa upasuaji kwa kawaida huikata sehemu iliyougua na kuunganisha ncha mbili, lakini mchepuko ule ulifanya kazi.

Katika miaka hiyo hiyo, madaktari wengi wa Ulaya na Marekani waliamini kwamba magonjwa ya utumbo kuvimba, hasa ya utumbo mpana, hutokana na tabia ya mgonjwa na migogoro ya nafsi yake. Wagonjwa waliulizwa habari za mama zao wakati utumbo unavuja damu. Sasa mfikirie mgonjwa wa Walter Reed usiku ule. Alikuwa ameacha sigara miaka saba iliyopita. Alikuwa anachora, anacheza gofu, anafungia hasira kwenye droo. Kwa kipimo chochote alikuwa amejitahidi kuituliza akili yake kuliko watu wengi wenye kazi ndogo zaidi. Utumbo uliziba hata hivyo. Kovu halifunguki kwa kuvuta pumzi, na hakuna brashi ambayo ingemwokoa usiku ule. Aliokolewa na kisu.

Baada ya kisu

Alitoka hospitali mwishoni mwa Juni, amepungua uzito na nguvu. Wiki za mwanzo zilikuwa nzito, na roho yake ilikuwa chini, jambo ambalo huwapata wengi baada ya upasuaji mkubwa wa tumbo. Alikwenda kupata nafuu shambani kwake Gettysburg, jimbo la Pennsylvania. Hapo ndipo mambo ya zamani yalipomfaa: kutembea, kutazama mifugo, kula kidogo kidogo, kuchora. Wiki sita baada ya upasuaji alisafiri hadi Panama kukutana na marais wenzake wa bara la Amerika. Novemba 6 mwaka huo, huku mgogoro wa Mfereji wa Suez ukitikisa dunia, alichaguliwa tena kwa kura nyingi.

Novemba 1957 alipata kiharusi kidogo kilichomvuruga maneno kwa muda, akapona na kumaliza kipindi chake Januari 1961. Alistaafu Gettysburg na kuendelea kuchora; picha zake zote zinakadiriwa kufika 250. Ugonjwa wa Crohn haukumsumbua tena kama zamani, ila moyo uliendelea kudhoofika. Februari 1969 utumbo wake uliziba tena, safari hii kwa sababu ya makovu ya ndani ya tumbo, na akafanyiwa upasuaji mwingine. Alifariki Machi 28, 1969, kwa moyo kushindwa kufanya kazi, akiwa na miaka 78.

Mwili wake ulipochunguzwa, madaktari walikuta uvimbe mdogo kwenye tezi moja ya juu ya figo, wa aina ambayo huweza kumwaga adrenalini na homoni za jamii yake kupita kiasi. Uvimbe wa aina hiyo huweza kupandisha shinikizo la damu, na kumfanya mtu atoke jasho na moyo kumwenda mbio. Mtu aliyepambana na hasira tangu utotoni alikutwa na jambo la mwilini ambalo hakuna aliyelijua alipokuwa hai. Tuwe wapole tunapowahukumu wagonjwa kwa hasira na wasiwasi wao.

Tunachoweza kuchukua

Miaka kumi baada ya kifo chake, mwaka 1979, programu ya wiki nane ya kupunguza msongo ilianzishwa katika chuo cha tiba cha Massachusetts, Marekani, kwa ajili ya wagonjwa wenye maradhi sugu. Msingi wake ni kuifundisha akili ikae katika wakati uliopo, ikitambua pumzi, mwili na mawazo bila kugombana navyo. Eisenhower hakuwahi kuusikia mpango huo. Lakini mtu anayetazama rangi moja kwa saa nzima yuko karibu nao sana.

Tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa wa Crohn na wa vidonda vya utumbo mpana zinaonyesha kwamba mazoezi ya namna hii yanaweza kupunguza msongo na wasiwasi, na kuwasaidia wagonjwa kuishi vizuri zaidi. Hayajaonyesha kwamba yanaweza kuchukua nafasi ya dawa. Kwa hiyo usiache dawa za kutuliza kinga ya mwili kwa sababu umeanza kujisikia mtulivu. Na usianze kunywa dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni bila kumwuliza daktari wako, kwa kuwa zinaweza kuusumbua utumbo zaidi.

Ukitaka kuanza, anza hivi. Kaa mahali tulivu, weka mkono mmoja juu ya tumbo. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi nne, tumbo lipande. Itoe polepole ukihesabu hadi sita. Akili ikikimbia, nayo itakimbia, irudishe kwenye mkono juu ya tumbo bila kujilaumu. Fanya dakika tano asubuhi na tano kabla ya kulala. Kwa mtoto, mlaze chali umwekee mdoli au kitabu chepesi juu ya tumbo, akitazame kikipanda na kushuka.

Kisha tafuta brashi yako. Kwa mwingine ni kusuka ukili, kwa mwingine ni kushona, bustani ya mchicha nyuma ya nyumba, dhikiri, au sala ya kimya. Muhimu ni mikono na akili vikae mahali pamoja kwa muda, kila siku, hata siku ambazo tumbo haliumi.

Wakati huo huo, usikubali kuambiwa ni mawazo tu kabla ya kupimwa. Kuharisha kwa zaidi ya wiki nne, damu chooni, kuamshwa usiku na haja, homa zisizoeleweka au kupungua uzito vinahitaji uchunguzi, pamoja na kipimo cha kamera pale inapowezekana. Kwetu daktari atataka pia kuhakikisha si kifua kikuu cha utumbo, ambacho hufanana sana na Crohn, wala si amiba. Mtoto anayeumwa tumbo mara kwa mara huku haongezeki uzito, haongezeki urefu, au anachelewa kubalehe, hakwepi shule. Na tumbo likijaa, ukatapika, na ukakosa choo pamoja na upepo, usikae chini kuvuta pumzi. Hiyo ni safari ya hospitali, sasa hivi, kama ile ya Juni 1956.

Dakika tano za pumzi zitakungoja wodini, ukishatibiwa.